Kufuatilia meli ndogo ya shehena kavu ukiwa Kibaigwa: tathmini ya MarineTraffic, VesselFinder na Equasis

Mfanyabiashara wa nafaka wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, anaweza kumaliza msimu mzima wa mavuno bila kuiona bahari, na bado faida yake ikategemea meli. Sisi tunaopeleka mahindi na mashudu ya alizeti hadi Dar es Salaam ili yapakiwe kwenye meli ndogo za mwambao ziendazo Visiwa vya Komoro, tuko zaidi ya kilomita 300 kutoka gatini, na kwa muda mrefu habari zote za meli zilitufikia kwa simu ya wakala. Tathmini hii inahusu huduma tatu za intaneti zilizobadilisha hali hiyo kwangu: MarineTraffic, inayoonyesha kwenye ramani mahali meli zilipo, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Aegean nchini Ugiriki mwaka 2007 na ambayo sasa inamilikiwa na kampuni ya Kpler, VesselFinder, ambayo inafanya kazi inayofanana na hiyo, na Equasis, hifadhi ya taarifa za meli iliyofunguliwa mwaka 2000 kwa ushirikiano wa Ufaransa na Kamisheni ya Ulaya. Nazithamini zote tatu, na ninazitumia hata katika toleo lake lisilolipiwa. Hata hivyo naamini kwamba nukta inayotembea kwenye ramani, ambayo ndiyo humvutia kila mtu anapofungua huduma hizi kwa mara ya kwanza, ina manufaa madogo kuliko ukurasa wa sifa za meli ulio nyuma yake, na kwamba nukta hiyo humpotosha mtu asiyejua imetoka wapi.

Nukta hutoka kwenye mtambo wa redio uitwao AIS, ambao meli hubeba ili meli nyingine na vituo vya pwani viitambue. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka mtambo huo uwe katika kila meli yenye ujazo wa jumla (GT, kipimo cha nafasi iliyofungwa ndani ya meli) wa 300 na zaidi inayosafiri kimataifa, katika kila meli ya mizigo ya 500 na zaidi hata kama haivuki mpaka, na katika meli zote za abiria. Kwa meli zinazosafiri kimataifa, utaratibu huu ulikamilika kuanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2004. Meli ndogo ya shehena inayokwenda kwa kasi isiyozidi maili 14 za bahari kwa saa hutuma mahali ilipo kila baada ya sekunde 10, na ikiwa imetia nanga hutuma kila baada ya dakika 3. Mawimbi yenyewe ni ya VHF, ya masafa ya karibu megahezi 162, na husafiri kwa mstari ulionyooka kama mawimbi ya redio ya upepo ya polisi wa barabarani. Mlingoti wa pwani ulioinuka vizuri hupokea meli iliyo umbali wa maili 40 hivi za bahari, na zaidi ya hapo ni setilaiti tu inayosikia.

Kuna jambo moja katika masharti hayo ambalo wenzangu wengi hawalijui. Meli ya ujazo wa 400 inayobeba chumvi au saruji kutoka Dar es Salaam kwenda Mtwara haivuki mpaka wa nchi, kwa hiyo mkataba hauilazimishi kubeba mtambo huu. Meli hiyo hiyo ikichukua shehena ya Moroni, mji mkuu wa Komoro, inalazimika. Anayeitafuta meli kwenye ramani asiione, asikimbilie kusema kwamba imefichwa au huduma ni mbovu. Atazame kwanza ukubwa wake na njia inayopita.

Taarifa zinazoonekana kwenye ukurasa wa meli moja zina asili mbili, na mtumiaji asiyezitenganisha atapotoka hata pale ambapo huduma haina kosa lolote. Asili ya kwanza ni vyombo: mahali meli ilipo, kasi yake na mwelekeo wake hutoka kwenye kipokezi cha setilaiti kilicho ndani ya meli, na hakuna mtu anayeviandika. Asili ya pili ni mkono wa binadamu. Bandari iendako, muda wa kuwasili, kina ambacho meli imezama majini, na hata hali ya safari, yaani kama inatembea, imetia nanga au imefungwa gatini, vyote huingizwa na ofisa wa zamu kwa vidole vyake. Ofisa aliyechoka huacha kubadilisha. Meli iliyokwisha kutia nanga nje ya Dar es Salaam inaweza kuendelea kuandikwa kwamba inatembea kwa injini, na meli iliyoondoka jana ikaonekana bado imefungwa gatini huku kasi yake ikisomeka maili 9 kwa saa. Panapokuwa na mgongano wa aina hii, amini vyombo na uache maandishi.

Kwa kufuata kanuni hiyo, mtu anaweza kusoma mambo ambayo huduma yenyewe haikuyaandika popote. Meli iliyotia nanga huzunguka nanga yake kadiri maji yanavyojaa na kupwa na upepo unavyogeuka, hivyo nukta zake za saa kadhaa huchora upinde. Meli iliyofungwa gatini haizunguki. Nukta zake hulundikana mahali pamoja. Nimeona tofauti hii ikifaa kuliko maneno yote ya hali ya safari, kwa sababu kwa mwenye mzigo swali si kama meli "imefika", bali kama inaweza kupakia. Meli inayosubiri nje ya lango la bandari haijafika kwa maana yoyote inayomsaidia mtu mwenye magunia, kwa kuwa bado inasubiri rubani wa bandari, nafasi ya gati na kupungua kwa foleni ya meli zilizotangulia.

Muda wa kuwasili unahitaji uangalifu wa pekee kwetu tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Meli hutuma muda huo kwa saa za kimataifa, UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ukisoma 06:00 kama ilivyotumwa, hiyo si saa sita mchana na wala si saa kumi na mbili asubuhi. Ni saa tatu asubuhi kwa saa zetu. Huduma inaweza kuwekwa ionyeshe saa za mahali ulipo, na ni vizuri kulihakikisha hilo siku ya kwanza. Tena, ujumbe huo wa meli una mwezi, siku, saa na dakika, lakini hauna mwaka, kwa hiyo muda ulioandikwa kwa ajili ya safari iliyopita unaweza kubaki pale bila kumshtua mtu. Bandari iendako nayo huandikwa kwa nafasi 20 tu za herufi, mara nyingi kwa vifupisho vya kimataifa: TZDAR ni Dar es Salaam, TZTGT ni Tanga, TZMYW ni Mtwara, KMYVA ni Moroni na KMMUT ni Mutsamudu. Ukiona TZDAR>KMYVA, meli imetoka Dar es Salaam kwenda Moroni. Yafaa kuviandika vifupisho hivi kwenye daftari la mzigo.

Manufaa ya haya yote yanaonekana pale unapoamua magari yaondoke lini. Semitrela yenye mzigo wa tani 30 ikitoka Kibaigwa hupita Gairo, Morogoro na Chalinze, husimama kwenye mizani ya Vigwaza, kisha huingia kwenye foleni ya jiji, na tangu hapo kila siku ya kusubiri ina gharama ya gari, ya dereva na ya turubai linaloloa. Ukimpigia wakala kumuuliza, jibu la kawaida ni, "Ipo njiani, mzee, kesho inaingia," na huenda anasema kweli kadiri naye alivyoambiwa. Mimi sianzi kupakia magari kwa kauli hiyo. Meli inayorudi kutoka Komoro hupotea kwenye ramani isiyolipiwa inapokuwa mbali na pwani, kisha huonekana tena inapokaribia Kisiwa cha Mafia. Hapo imebakiwa na maili 70 hivi za bahari, ambazo kwa mwendo wa maili 9 kwa saa ni karibu saa nane. Ukijumlisha muda wa kusubiri rubani na gati, unapata siku yako ya kupakia na siku yako ya barabarani bila kubahatisha. Huduma zote mbili za ramani hukuwezesha kuiweka meli kwenye orodha yako ili uitazame kwa urahisi, na kwa kazi hii sijaona tofauti kubwa kati yake, ingawa MarineTraffic imekuwa na picha nyingi zaidi za meli ndogo ninazozitafuta, na picha ya meli huonyesha mambo mengi kwa anayejua kutazama: kutu, kreni, na aina ya vifuniko.

Sasa nigeukie sifa za meli, ambazo ningependa kila mwenye mzigo azisome kabla ya kutia saini chochote. Meli ndogo za mwambao za shehena kavu kwa kawaida huwa na urefu wa mita 70 hadi 100, upana wa mita 11 hadi 16, na uwezo wa kubeba tani kati ya 1,500 na 5,000. Kwenye ukurasa wa meli kuna namba mbili ambazo huchanganywa sana. DWT ni uzito ambao meli inaweza kuubeba, kwa tani za kweli za mizani. GT, ule ujazo wa jumla nilioutaja, si uzito kabisa. Ni kipimo cha nafasi iliyofungwa ndani ya meli, kinachotokana na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969, nacho hutumika kupanga tozo za bandari na masharti ya usalama. Nimesikia dalali akimwambia mteja kwamba meli "inabeba tani 1,900" kwa sababu alisoma GT, wakati meli hiyo ilikuwa na DWT inayokaribia 3,000. DWT nayo si mzigo wa mteja peke yake. Ndani yake yamo mafuta ya meli, maji ya kunywa, vyakula na mabaharia, kwa hiyo shehena halisi daima ni pungufu.

Kwa bidhaa zetu za kanda ya kati, hata hivyo, uzito si ndio unaomaliza nafasi. Ni ujazo. Klinka ya saruji ni nzito, na tani moja huchukua kama mita 0.7 za ujazo, kwa hiyo meli hufikia kikomo cha uzito huku ngama, yaani chumba cha shehena, ikiwa bado na nafasi kubwa. Mahindi yaliyomwagwa huchukua takribani mita 1.35 za ujazo kwa tani, na yakiwa kwenye magunia huchukua karibu mita 1.5 kwa sababu ya mianya kati ya gunia na gunia. Mashudu ya alizeti ni mepesi zaidi na yanaweza kufika mita 1.8. Chukua meli yenye DWT ya 3,000 na ngama yenye mita 4,000 za ujazo: ya mahindi ya magunia itajaa kwenye tani 2,670 hivi, na ya mashudu kwenye tani 2,220, kabla ya kufikia uzito wake. Anayelipia meli nzima kwa kuhesabu tani 3,000 analipia hewa. Kasoro ya huduma hizi ni kwamba ukurasa usiolipiwa huonyesha vipimo na DWT, lakini ujazo wa ngama mara nyingi hauonekani, na hiyo ndiyo namba ambayo mwenye mashudu anaihitaji kuliko zote. Mwombe wakala karatasi kamili ya sifa za meli, na usikubali kujibiwa kwa mdomo.

Kuhusu mashudu lazima niongeze jambo. Kanuni za kimataifa za shehena kavu zinayataja mashudu ya mbegu za mafuta miongoni mwa mizigo inayoweza kujipasha joto yenyewe, hasa yanapokuwa na mafuta mengi yaliyobaki na unyevu. Mashine ndogo za kukamua huacha mafuta mengi zaidi kwenye mashudu kuliko viwanda vikubwa. Kwa hiyo uingizaji hewa wa ngama na hali ya vifuniko si mambo ya mabaharia peke yao. Mahindi nayo, hata yakiondoka Kibaigwa yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5 unaotakiwa na kiwango cha Afrika Mashariki, yataharibika chini ya kifuniko kinachovuja.

Vipimo vya urefu na upana vina matumizi mengine niliyoyapenda sana. Meli ya mita 80 kwa 12.5 ina eneo la mita za mraba 1,000 ukiihesabu kama mstatili. Ukiondoa kupinda kwa omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, hubaki kama 850 zinazogusa maji. Kwa uzito wa maji ya bahari, kila sentimita moja inayozama ni karibu tani 8.7, na kila mita ni karibu tani 870. Meli hiyo ikiwa na kikomo cha kuzama mita 5.2, na inakuja ikiwa imeandikwa mita 3.0, basi imebakiwa na nafasi ya tani kama 1,900. Hesabu hii humwezesha mtu aliyeko Dodoma kuuliza swali la maana anapoambiwa kwamba meli ni tupu na inamsubiri yeye. Kina hicho, kama nilivyosema, huandikwa kwa mkono; kwa hiyo kitumie kuulizia swali, na jibu lipatikane kwenye alama zilizochorwa ubavuni mwa meli.

Kabla ya hesabu zote hizo, hakikisha unatazama meli sahihi, kwani majina ya meli hurudiwa na hubadilishwa zinapouzwa. Namba ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Bahari, yenye tarakimu 7, hubaki na meli tangu inajengwa hadi inavunjwa, na imekuwa ya lazima tangu mwaka 1996. Uhalali wake unaweza kukaguliwa kwa kalamu: zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, ujumlishe, na tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na ya saba. Kwa 9074729, jumla ni 139, na tarakimu ya saba ni 9. Namba ni sahihi. Namba nyingine, MMSI, ina tarakimu 9 na ni ya redio. Huanza kwa tarakimu tatu za nchi, 674 au 677 kwa Tanzania na 616 au 620 kwa Komoro, na hubadilika meli ikibadili bendera. Kwa sababu hiyo mkataba wa mzigo unapaswa kubeba namba ya IMO.

Ukiwa nayo, ingia Equasis. Sura yake ni kavu na inataka ujisajili, lakini hailipishi kitu, na ndani yake utaona mwaka meli ilipojengwa, mmiliki na msimamizi wake, chama kinachoikagua, pamoja na ukaguzi iliofanyiwa bandarini na mara ilizozuiwa kuondoka. Tanzania imo katika makubaliano ya Bahari ya Hindi ya ukaguzi wa meli za kigeni bandarini, yaliyofikiwa mwaka 1998, kwa hiyo meli zinazozunguka pwani yetu huacha kumbukumbu. Meli ya miaka mingi si lazima iwe mbaya. Meli iliyozuiwa mara kwa mara kwa vifuniko vya ngama au vyombo vya moto haipaswi kupewa mahindi ya mtu. Katika huduma zote tatu hii ndiyo ninayoipa alama ya juu kabisa, na inanisikitisha kwamba wafanyabiashara wengi wa nafaka ninaozungumza nao hawajawahi kuisikia.

Udhaifu wa ramani hujitokeza baada ya meli kuondoka. Kutoka Dar es Salaam hadi Moroni ni maili za bahari zisizopungua 370, na sehemu kubwa ya njia hiyo haina mlingoti wa pwani unaoweza kuisikia meli, kwa hiyo kwenye toleo lisilolipiwa nukta husimama mahali iliposikika mara ya mwisho na kubaki hapo. Kusimama huko si ishara ya ajali. Kwa mwendo wa maili 9 kwa saa safari ingechukua saa 41 hivi, lakini mahindi ya kanda ya kati huvunwa kati ya Mei na Julai, wakati kusi linavuma kutoka kusini-mashariki, nao mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini. Meli hupambana na vyote viwili, na ikishuka hadi maili 7, saa hizo huwa 53. Kasi ambayo huduma inaonyesha meli inapopita Mafia ndiyo ya kutumia katika hesabu, badala ya kasi ya juu iliyoandikwa kwenye sifa zake.

Upande wa pili, udogo wa meli huwa faida. Bandari ya Moroni kwenye kisiwa cha Ngazija haina kina kirefu, na meli kubwa hutia nanga nje na kushusha shehena kwenye matishari, jambo linaloongeza siku, gharama na magunia yaliyopasuka. Mutsamudu, kisiwani Nzwani, ina gati la maji marefu zaidi. Mwenye mzigo wa Moroni na atazame kina cha meli yake ikiwa imejaa, aulize wakala wa huko gati linapokea meli ya kina gani, na atazame pia kalenda ya bamvua na maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana na siku ambazo hujaa na kupwa kidogo, kwa kuwa tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kuamua kama meli itaingia leo au itasubiri. Aulize pia kama meli ina kreni zake, kwa sababu meli isiyo na kreni hutegemea zile za bandarini.

Kwa upande wa malipo, ushauri wangu unategemea kazi yako. Mwenye kupeleka magari hadi Dar es Salaam na kukabidhi mzigo gatini anatoshelezwa na ramani isiyolipiwa pamoja na Equasis, kwa kuwa meli yote anayoihitaji iko karibu na pwani. Mwenye shehena yake hadi Moroni, ambaye mnunuzi wake analipa mzigo unapowasili, anaweza kununua taarifa za setilaiti kwa kipindi ambacho shehena iko majini, kisha asitishe malipo hadi safari inayofuata. Kikundi cha wafanyabiashara wanaochangia meli moja, kama ilivyo kwa wengi wetu kwa kuwa meli ya tani 2,600 inataka semitrela zaidi ya 80, kingefaidika zaidi kwa kumteua mtu mmoja azifuatilie taarifa hizo na kuwaarifu wengine, akiwapa kila mara mahali meli ilipo, kasi yake, na saa ambayo taarifa hiyo ilipokewa.